Sisi Tunaozaa Kimya

Kambi ya wakimbizi, Nakivale, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Mama. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kwa sababu ndani kuna joto na nje kuna inzi, na tumbo hili halipendi joto wala inzi. Goti lako la kulia linaendeleaje? Bado linakusumbua mvua ikikaribia? Na kile kikohozi cha kiangazi kimekuacha? Kaka Valentin aliniambia kwenye simu kwamba u mzima kabisa, lakini Valentin husema hivyo hata kuhusu mbuzi anayekata roho, kwa hiyo naomba uniambie mwenyewe.

Sisi huku tuko salama, tunamshukuru Mungu. Mkweo Gervais anakusalimu sana. Mahindi yamekubali msimu huu, maharage yametusaliti kidogo, na turubai la jikoni tumelibadilisha kwa mabati. Mjukuu wako Doriane sasa ananifikia begani na ameanza kunijibu. Nikiuliza mdomo ule ameutoa wapi, Gervais hutazama pembeni. Mdogo wake Isimbi hatembei, yeye ni mbio tu kuanzia anapoamka. Mimi mwenyewe nakula, nalala kwa vipande vipande, na miguu imevimba jioni lakini asubuhi inarudi kuwa yangu.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Simu ya Valentin huwekwa spika hata nikisalimia tu, na mke wake ana masikio yanayosikia hata yale ambayo sijasema. Kiswahili cha kusoma, hakijui. Wewe ulikisoma ukimbizini Mishamo na mimi ukanisomesha huko huko kabla hatujarudi Burundi, kwa hiyo karatasi hii ni yetu wawili. Anayeibeba ni Grégoire wa mitumba, atapitia mpakani Mutukula na Tanzania mpaka kwenu Rumonge. Ataondoka kesho asubuhi, ndiyo maana mwandiko wangu unakimbia.

Ujumbe wako niliupata. Umesema umeshaaga kwenye jumuiya, umeshampata mtu wa kukutunzia kuku, na unataka kufika huku kabla sijajifungua ili unishike mikono kama ulivyonishika kwa Doriane. Nilifurahi, Mama, mpaka nikakaa chini. Kisha nikasimama, nikakaa tena, na tangu hapo sijatulia. Nitakujibu. Ila jibu lenyewe lina safari ndefu, nivumilie nilifikie taratibu.

Habari inayoninyima usingizi ni hii: sikuwa najua nimzae vipi mtoto huyu. Mwanamke aliyezaa mara mbili anaambiwa njia anaijua. Mimi njia nilizozijua ni mbili na zote ziliniogopesha. Ya Doriane unaijua kuliko mimi, ulikuwapo. Jua lilitua, likachomoza, likatua tena, na mtoto hakutaka kushuka, mpaka daktari akamvuta kwa kile chombo cha kunyonya kichwa, nikachanika, nikashonwa, nikakaa upande mmoja mwezi mzima. Na sikutoa sauti. Ulitoka uani ukawaambia majirani waliokuwa wakingoja kwamba hata mlango haukujua kinachoendelea ndani. Wakapiga vigelegele. Jina likanibaki, Vestine aliyezaa kimya, na sikatai, nililipenda. Nilipopita kisimani wanawake wakubwa walinisogezea nafasi.

Uzazi wa Isimbi hujawahi kuusikia wote. Kwenye simu uliambiwa kwamba alikuja haraka, na kwamba mimi nilichoka kidogo. Kuja haraka alikuja kweli. Huko kuchoka ndiko kulikopunguzwa.

Uchungu ulinianza nikiwa napalilia. Gervais alipita akiwa na panga lake, anaenda kukata majani upande wa ziwani, akanikuta naosha jembe. Akaniuliza kama ni mzima. Nikasema mzima. Nikabadilisha nguo, nikamwita Pacifique, Mkongo jirani yetu mwenye bodaboda, akanipeleka kituo cha afya. Kwenye benchi nilikuta wanawake wengine wanagaragara, mmoja anamtukana mumewe kwa majina yake yote, la ubatizo na la ukoo. Mimi nikamwamkia nesi, nikamuuliza habari za kazi, nikakaa nikakunja miguu. Ndani nilikuwa nawaka moto. Nesi akanipapasa tumbo juu juu, akanitazama usoni, akaona uso wa mtu anayesubiri mgawo wa posho. Akaniambia kwa kile Kiswahili chao, "Wewe bado sana, mama. Enda nyumbani, tembea-tembea, kuja jioni." Simlaumu. Alikuwa peke yake, vitanda vimejaa, akawachukua waliokuwa wanalia. Nikamwambia asante. Mama, nilimwambia asante, nikapanda tena bodaboda.

Hatujafika Kabazana, pale wanapouza mkaa, nikamgusa Pacifique begani. Hata hapo sikupiga kelele. Nilimwambia kwa sauti ya kanisani kwamba naomba asimame, akadhani nataka kwenda haja. Kabla sijamaliza kushuka Isimbi alikuwa anatoka. Mama mmoja muuza mkaa ndiye aliyemdaka, na mtoto alifika nyumbani na alama za vidole vyeusi mgongoni, hata Gervais hakutaka zioshwe siku ya kwanza.

Mtoto alilia vizuri. Lakini damu yangu ikakataa kukoma. Wakaleta gari la wagonjwa, wakanikimbiza Mbarara, na njiani nilichungulia kaburi. Nakumbuka wale ng'ombe wa Wanyankole wenye mapembe makubwa wakivuka barabara, dereva anapiga honi, na mimi nawaza kwamba jamani waacheni wapite, wana maziwa ya kupeleka. Mbarara wakanitia damu za watu nisiowajua. Gervais aliiosha pikipiki ya Pacifique mwenyewe, hakumruhusu mtu amsaidie, na hakuwahi kulizungumzia jambo hilo na mimi mpaka mwezi uliopita. Nitafika huko.

Sasa tumbo hili la tatu lilipoanza kuonekana, kila mtu akawa mkunga. Gervais alitaka nipasuliwe. Alitaka siku ijulikane, niingie mchana kweupe nikiwa naoga na kunukia, nitoke na mtoto, pasiwe na barabara wala wauza mkaa. Alikuwa analirudia kila tukikaa kula. Wanawake wa jumuiya wakasema mke aliyepasuliwa hainui jembe tena, na huku kwetu asiyeinua jembe anaishi kwa huruma ya mgawo, na mgawo wenyewe unajua ulivyopunguzwa. Anne, yule mama mzee wa kutoka Kirundo anayekaa karibu na bomba la maji, akasema kwa kuwa wangu hushuka mbio, nisihangaike na barabara, nimzalie ndani tu, yeye atachemsha maji. Nikamuuliza damu ikigoma kukoma atachemsha nini. Akakasirika, akasema vijana wa siku hizi hawana imani.

Na mimi nikawa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jumapili nilitoka misani nimekata shauri la kupasuliwa, na kabla sijafika njia panda nilishaliacha. Nilifunga nguo za mtoto kwenye begi la kwenda Mbarara, nikazifungua, nikazipanga kwenye beseni la kuzalia nyumbani, nikazirudisha kwenye begi. Doriane akaniuliza kama mtoto anahama kabla hajazaliwa. Gervais akasema kulala karibu na mimi ni sawa na kulala sokoni. Nilikuwa namkasirikia, kisha najikasirikia, kisha naenda kupalilia sehemu ambayo nimeshaipalilia.

Mwishowe nikaenda Mbarara kwenye hospitali kubwa, kumwona daktari. Nilimkuta mwanamke wa makamo, nywele fupi, maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama simu yake. Akasema njia zote mbili zinawezekana. Kupasuliwa si jambo baya, lakini kidonda ni kidonda, kina damu yake na uchungu wake, na mimba itakayofuata italazimika kukiheshimu. Kuzaa kwa kawaida naweza pia, kwa kuwa Isimbi alipita bila shida yoyote, mradi nizalie hospitalini, nikae mjini Mbarara kabla siku hazijafika, na sindano ya kuzuia damu iwe tayari karibu yangu. Nyumbani hapana. Hilo alilisema huku akinitazama kama aliyeliona lile beseni.

Kisha akataka kujua kwa nini yule nesi aliniacha nirudi. Nikamweleza. Akauliza kama pale kwenye benchi uchungu ulikuwa mkali. Nikasema ulikuwa mkali kuliko wote niliowahi kuusikia. Akauliza kama nilimwambia mtu. Nikasema kwetu hatusemi. Nikamweleza, Mama, hata kwa majivuno kidogo, kwamba mwanamke wa kwetu akilia leba anauaibisha ukoo wa mama yake, na kwamba mimi wa kwanza nilimzaa hivyo hivyo, kimya.

Akaweka kalamu chini. Nilitegemea atanicheka au atanigombeza. Akasema, "Hata mama yangu kule Bwizibwera alinifundisha hivyo. Lakini sasa nesi angejua namna gani? Hapa leba iko na watu mingi. Wewe nanyamaza, nesi anapita kitanda yako, anaenda kwa huyo nalia. Hata nikupasue, kama usiku damu inatoka na wewe nakaa tu, nasalimia watu, ni kitu moja." Akaongeza kwamba yeye atakubali njia yoyote nitakayoichagua, ila anataka mdomo wangu uje pamoja na tumbo.

Nilitoka pale nikawaza. Miezi yote hiyo nilikuwa nauliza ni kisu au si kisu, ni Mbarara au ni nyumbani, na kumbe kote huko ningekwenda na uso wangu ule ule. Kwenye gari la kurudi nililia, Mama, lakini unajua nilivyolia: machozi tu, na jirani yangu kwenye kiti aliendelea kuniambia bei ya ndizi.

Nikamwendea Marthe, mke wa Pacifique. Huyu ametoka Fizi, Kongo, na siku anayojifungua kijiji kizima huacha kazi. Nilimwuliza, kama mtu anavyouliza namna ya kupika chakula cha kigeni, wao huanzaje kulia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Weye Vestine, unanyamazaka juu ya nini? Ile maumivu haiko siri. Kwetu mutu akizala, fasi yote inasikia, hata bale beko ku shamba banajua. Na Mungu naye anasikia, anatuma malaika mbio-mbio juu amechoka na kelele." Nikamwambia sauti haitatoka. Akasema basi itabidi niifundishe, kwa sababu mtoto hatangoja nijifunze siku hiyo.

Basi, mwanao mtu mzima, mama wa watoto wawili, nikaenda kwenye mahindi kufanya mazoezi ya kulia. Nilichagua upande wa mbali, nikaangalia huku na huku kama mwizi. Mara ya kwanza nilifungua mdomo kikatoka kikohozi. Mara ya pili ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Nikajiona mjinga, nikataka kurudi. Kisha mtoto akanipiga teke chini ya mbavu, nikakumbuka lile benchi na ile asante yangu, na ikatoka. Mama, sikujua kwamba nina sauti kubwa namna hiyo. Ndege waliruka. Nami nikaogopa, nikapiga nyingine kwa kuogopa ya kwanza.

Mahindi yakaanza kutikisika kila upande. Watu walikuja na majembe, na mapanga, na mzee mmoja na kiti alichokuwa amekalia. Wakaniuliza kuna nini. Nikasema nyoka. Ningesema nini? Wanaume wakaanza kumtafuta, wakapiga vichaka, wakalaza mistari miwili ya mahindi yetu, na mmoja akaapa kwamba ameuona mkia wake na ni mrefu kama kamba ya ng'ombe. Mpaka leo watu hawakatizi pembe ile ya shamba.

Gervais hakudanganyika. Alingoja wote waondoke, akaniuliza nyoka alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia ukweli wote, wa daktari na wa Marthe. Alikaa kwenye tuta, akang'oa nyasi moja moja. Kisha akaniambia lile ambalo hajawahi kuniambia: kwamba siku ya Isimbi aliniuliza kama ni mzima, nikasema mzima, akaenda zake kukata majani akipiga mluzi, na tangu siku hiyo hawezi kulisahau lile jibu. Akasema hata sasa usiku nikimwambia ni mzima huwa anabaki macho. Ndiyo maana alikuwa anataka kisu, kwa sababu mgonjwa wa kisu haulizwi, anatazamwa tu. Nilimshika shingo yake yenye jasho.

Basi tukaelewana. Kisu tumekiacha, mpaka daktari mwenyewe akione kina haja. Nitazaa kwa kawaida, Mbarara, hospitalini. Jumatatu ijayo nahamia mjini kwa Chantal, mdogo wake Marthe, ambaye ni fundi cherehani na nyumba yake iko karibu na hospitali kiasi kwamba hata mtoto akiwa na haraka ya Isimbi tutafika. Marthe atakuja kukaa na mimi, ndiye atakayeingia na mimi leba. Gervais alikubali kwa sharti moja, kwamba uchungu ukinianza nimwambie yeye kabla ya mtu mwingine, hata nikiwa sina hakika, hata usiku wa manane. Nimeapa.

Sasa nimefika kwenye jibu lako, na nimenyanyuka kwenda kuonja maharage ambayo hayahitaji kuonjwa, na nimerudi.

Mama, naomba usije kabla. Njoo baada ya mtoto kuzaliwa.

Usiikunje karatasi, tafadhali, soma mpaka mwisho. Najua utasema Vestine ameona Mkongo bora kuliko mama yake mzazi. Najua mke wa Valentin atakavyouliza mbona hujaondoka, na utakosa la kumjibu. Nimelia kwa ajili ya hilo kabla hujalia wewe. Lakini nikikuona mlangoni mwa leba, nitanyamaza. Sitakuwa nimekusudia. Mwili wangu utakuheshimu kabla mimi sijafikiri. Juzi ulipopiga simu nilikuwa nimejipinda kwenye nguzo kwa maumivu ya mgongo, Doriane ananisugua, na wewe ukaniuliza nafanya nini. Nikakujibu kwamba nimekaa naambua maharage. Doriane alinitazama, Mama. Akaacha kusugua akanitazama. Nilimwona analisoma somo lile lile, na hofu iliyonishika hapo ilikuwa kubwa kuliko ya kwenye gari la wagonjwa.

Sisemi kwamba ulinifundisha vibaya. Nimelifikiri sana hili huku nikizunguka na tumbo. Bibi alikuziba mdomo kwa kiganja mkivuka mto Malagarasi, mkiwakimbia askari, nawe ukiwa mdogo kuliko Isimbi, na waliolia hawakuvuka. Kunyamaza ndiko kulikokuleta duniani mara ya pili, na ulinipa mimi kitu ulichokiona kinafaa kuliko vyote. Nakushukuru kwa hicho. Ila leba ya Mbarara haina askari. Ina nesi mmoja aliyechoka, anayetafuta ni nani wa kumwendea kwanza.

Na kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Gervais, si Marthe, na lisingepita kwenye simu hata kama ingekuwa yako peke yako. Usiku wa pili wa Doriane, nilipokuwa nafungua mdomo, ulikunja pindo la kitenge chako ukanitia kati ya meno. Uliniambia pole pole, uma, mwanangu, uma, tumekaribia. Ulifanya kwa upendo, nilikuona machoni. Nikauma mpaka jino likalegea. Wewe ulidhani nataka kupiga kelele kama wasiofunzwa. Mama, nilikuwa nataka kukuita. Neno lililokuwa mdomoni lilikuwa ni jina lako, Mama, hilo tu. Ulikuwa umenishika mikono yote miwili, jasho lako linadondoka kwenye paji langu, na mimi sikuweza kukuita.

Kwa Isimbi pia lilikuwa hilo hilo, nikalimeza pale kwenye mkaa. Na mwezi uliopita kwenye mahindi, waliokuja na majembe hawakulisikia vizuri kwa sababu ya umbali, lakini nilichokuwa napiga kelele ni Mama, Mama wee. Safari hii nitakuita mpaka sauti iishe. Ndiyo maana nakuomba ubaki Rumonge. Ukiwa mbali nitaweza kukuita.

Kisha uje. Mtoto akishatoka tu Gervais atapiga, nawe siku hiyo hiyo ufunge mzigo. Nitakuhitaji sana: nani atanikanda kwa maji ya moto, nani atanipikia uji usio na madonge, nani atamwambia Gervais kwamba mtoto anafanana na ukoo wetu hata kama si kweli? Ikiwa umekasirika, njoo na hasira yako, tutaizungumza tukiwa tumemlaza mtoto katikati yetu. Ila uje, nakuomba, na uje kwa muda mrefu.

Nisalimie Valentin na mkewe, uwaambie kwamba barua ilikuwa ya salamu tu. Wasalimie majirani wa kule kisimani na wanajumuiya wote, na padri ukimwona. Gervais, Doriane na Isimbi wanakuamkia. Marthe naye anasema, "Mumusalimie sana mama Bernardine, mumuambie asiogope, tuko pamoja na mutoto wake." Grégoire ameshanitumia mtu kuuliza kama nimemaliza, na Isimbi anavuta karatasi, kwa hiyo naachia hapa.

Jioni ukikaa na rozari yako, usimwombe Bikira Maria anipe uvumilivu. Ninao wa kutosha, ulinipa wewe. Mwombe anipe sauti.

Ni mimi mwanao,

Vestine